Mama Aliyesema ni Mwili Tu

Ijumaa iliyopita nilirudisha funguo za kabati la dawa na makoti mawili meupe, moja likiwa bado na doa la aidini lililoshinda sabuni zote za Kitui. Karani wa stoo akanipa fomu, akaniuliza iko wapi mashine ya presha niliyoitia sahihi zamani, kabla yeye hajaanza shule. Nikamwambia ilikufa, tukaizika kwa heshima nyuma ya jengo la maabara. Hakucheka. Akaandika "haipo", nikatia sahihi, nikaenda kunywa chai.

Nyinyi mnaobaki pale hospitalini mliniomba hotuba siku ya kuagana. Nilisema maneno matatu, nikaingiwa na kikohozi cha uongo kwa sababu machozi yalikuwa yananitafuta mbele ya watu. Basi hotuba yenyewe ni hii, kwa maandishi, na kama mna haraka someni mkiwa mmekaa kwenye foleni ya benki. Vyeo sitavigusa. Havikuwa vingi, na vyenyewe vilikuja nikiwa nimeshasahau kwamba niliviomba. Nataka kuwaandikia juu ya mgonjwa mmoja ambaye nimewaona mkimkwepa, mkisukumiana faili lake kama sahani ya mboga chungu. Ni yule anayeingia kwa miguu yake, anaketi vizuri, na ukimwuliza anaumwa wapi anasema: mwili.

Hana jeraha, hana damu, hana homa ya kujivunia. "Mwii wonthe," anasema kwa Kikamba, mwili wote, halafu anakutazama kama mtu aliyemaliza zamu yake, sasa ni yako. Mimi nilikuwa tabibu, yaani yule anayemwona mgonjwa kabla daktari hajamwona, na mara nyingi badala ya daktari. Watu waliniita daktari na mimi sikuwasumbua kwa kuwasahihisha. Katika chumba cha dharura, mgonjwa wa mwili wote ndiye aliyenifundisha kazi, na ndiye aliyenivua nguo hadharani nilipodhani nimeijua.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa upande wa Mwingi, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilifika na sanduku la bati, cheti, na daftari nililonakili maswali thelathini na mawili ya kumwuliza mgonjwa, yote kwa mpangilio. Aliyenipokea aliitwa Bwana Nzioka. Alikuwa tabibu wa zamani, aliyeanza kazi akiwa mfunga vidonda enzi za Wazungu, mtu mfupi mwenye mwandiko wa kuku na mapenzi makubwa kwa sukari. Alikunywa chai kwa kifuniko cha chupa ya chai, na hakuna aliyewahi kuona kikombe chake.

Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa mzee mmoja mkulima aliyesema mwili. Nikafungua daftari. Nilimwuliza maswali yote thelathini na mawili, pamoja na lile la kama amewahi kusafiri ng'ambo. Mzee alijibu kila moja kwa upole: hapana, hapana, ndiyo kidogo, hapana. Mwisho nilikuwa na ukurasa mzima wa majibu na sikujua lolote. Bwana Nzioka alikuwa ameketi pembeni na chai yake.

"Umemaliza?" akaniuliza. "Polisi wangekuwa washamwachilia huyu."

Akachukua kofia ya mzee pale mezani, akaenda kuitundika kwenye msumari wa ukuta wa mbali, akarudi, akaketi. "Mzee, kofia yako ile pale. Tafadhali ichukue." Mzee akaenda. Katikati ya chumba alisimama, akashika meza ya vifaa, akavuta pumzi mara mbili, akaendelea. Alipoinua mkono kufikia msumari, nikaona mbavu zake za upande mmoja zinafanya kazi na za upande wa pili zimetulia tuli.

"Wiki iliyopita ulikuwa unafanya kazi gani nyumbani ambayo leo imekushinda?" Nzioka akamwuliza.

"Kumfunga punda mzigo," mzee akajibu mara moja, kana kwamba alikuwa amengoja mwaka mzima aulizwe. "Nikiinua mikono, pumzi inaisha."

Upande wa kulia wa kifua chake ulikuwa umejaa maji. Daftari langu lile sikulitupa, lakini nililitumia kuandikia barua nyumbani.

Basi hiyo ndiyo iliyokuwa mashine ya Bwana Nzioka: benchi lililowekwa makusudi mbali na meza, hatua kumi na moja kwa hesabu yake, na swali moja. Hakumwuliza mtu anaumwa wapi mpaka amwone akitembea hizo hatua kumi na moja. Vifaa vingine tulikuwa navyo, msinielewe vibaya. Tulikuwa na kipimajoto kimoja kilichofutika namba katikati, kwa hiyo mgonjwa alikuwa ama hana homa, ama ana homa nyingi. Katikati hapakuwa na mtu. Tulikuwa na saa ya ukutani ambayo mshale wake wa sekunde ulikwama kila ulipofika kwenye tisa, na sote tulijifunza kuhesabu mapigo ya moyo kabla haujafika huko. Lakini benchi halikuwahi kuharibika.

Swali lile nilikuja kuliamini kabisa kwa sababu ya mfanyabiashara mmoja wa mifugo, Mwislamu kutoka kaskazini, aliyeitwa Abdi. Alipitia Mwingi na malori ya mbuzi, na alikuwa amekuja kwetu mara tatu ndani ya miezi miwili. Mwili mzito, alisema. Mara tatu nilimpa dawa ya malaria, mara tatu akapata nafuu kidogo kwa adabu tu, ili asinivunje moyo. Mara ya nne nikakumbuka swali.

"Kazi gani imekushinda?"

Akafikiri, akacheka kwa aibu. "Daktari, zamani mimi naruka juu ya lori. Mkono mmoja tu, niko juu. Sasa vijana wananivuta. Wanavuta mbuzi, halafu wananivuta mimi."

Nikamwuliza kuhusu usiku. Jasho, alisema, mpaka godoro. Kiuno, magoti, homa inayokuja jioni na kuondoka kama mgeni asiyetaka kulala. Na maziwa? Aliniangalia kwa mshangao. Maziwa ya ngamia, bila shaka, mabichi, asubuhi na jioni, ni nani anayechemsha maziwa ya ngamia? Damu yake tuliituma maabara kubwa, na majibu yakarudi kama nilivyoanza kushuku: homa ile inayotoka kwenye maziwa mabichi ya wanyama. Tulimtibu kwa wiki sita, sindano na vidonge. Akapona kabisa. Siku alipokuja kushukuru alipanda ngazi zetu kwa kuruka, na zawadi aliyotuletea ilikuwa kibuyu kikubwa cha maziwa ya ngamia. Mabichi. Bwana Nzioka alikipokea kwa mikono miwili, akamshukuru sana, na Abdi alipoondoka akawasha jiko.

Bwana Nzioka alistaafu, nami nikahamishwa kwenda upande wa Kibwezi, kando ya barabara ya Mombasa. Huko nilishona watu miaka saba. Malori, mabasi, ng'ombe waliovuka barabara bila kuangalia. Ilikuwa kazi ya kuchosha mikono lakini iliyopumzisha akili, kwa sababu mfupa uliovunjika unajieleza wenyewe. Hata hivyo, katikati ya majeruhi kila mara aliketi mtu mmoja kwenye benchi, kimya, akisema mwili. Kulikuwa na mama wa kwaya ya kanisa lake ambaye hakuwa na neno lingine ila uchovu. Kazi iliyomshinda ilikuwa sauti ya juu ya wimbo wa Jumapili. Alikuwa akiuimba ameketi, wenzake wamesimama. Moyo wake ulikuwa umechoka kweli kweli. Nilimpeleka hospitali kubwa mwenyewe, na kwenye gari alinifundisha sauti ya besi ya wimbo ule.

Miaka ya tisini inaanza, nilikuwa nimerudi Kitui, sasa nikiwa mkubwa wa chumba cha dharura katika hospitali ambayo siitaji jina. Hapa naomba mnisome polepole, kwa sababu nitawaambia kosa langu, na wengine wenu mnalijua nusu tu.

Nilikuwa nimeshakuwa mtu wa kusikilizwa. Wanafunzi walikuja na kalamu. Nilikuwa na benchi langu, hatua zangu kumi na moja, na juu ya mambo ya Bwana Nzioka nilikuwa nimeongeza kanuni yangu mwenyewe, ambayo niliipenda kuliko zote: mgonjwa asiyejieleza, mwulize aliyemleta. Niliweka hata kiti cha pili mezani kwa ajili ya huyo aliyemleta. Na kusema kweli kanuni hiyo ilinisaidia mara nyingi. Mke anajua mume amelala saa ngapi, mtoto anajua mama hajala nini. Nilikuwa naisema kwa sauti ya mahubiri.

Jumatatu moja asubuhi, siku ya soko, foleni imefika mpaka nje kwenye maua, aliingia mama wa miaka kama hamsini na mitano aliyeitwa Syombua. Alikuwa amejifunga leso mbili, moja kiunoni na moja kichwani mpaka karibu na macho. Nyuma yake, mbali kidogo, aliingia mwanamume aliyevaa shati safi, akasimama mlangoni kama mtu aliyekosea nyumba. Jina lake Mutinda, mfanyabiashara wa ndengu, yaani choroko, kutoka upande wa Matiliku. Alikuwa amemchukua huyu mama kijijini kwa pikapu yake. Alikuwa mkwewe. Alikuwa amemwoa binti yake.

Kwa asiyejua desturi zetu nieleze. Kwetu mwanamume na mama ya mkewe hawakai chumba kimoja. Hawashikani mikono, hawaangaliani usoni, na mambo ya mwili hayatajwi wakiwa wanasikiana. Tunaiita nthoni, na si chuki, ni heshima. Mimi mwenyewe, mama mkwe wangu alipokuja kututembelea, nilipata safari ya ghafla kila mara, na mke wangu alizoea kunipakia nguo kabla sijasema naenda wapi. Kwa hiyo siwezi kusema sikujua. Nilijua tangu sina meno.

Mama Syombua alitembea hatua zake kumi na moja vizuri, taratibu kidogo. Akaketi.

"Unaumwa wapi, mama?"

"Ni mwili tu."

"Kazi gani imekushinda?"

Aliangalia sakafu.

"Umekula?"

Akashika fundo la leso ya kiunoni.

Nikatazama foleni. Nikamwona Mutinda mlangoni, mguu mmoja umeshatoka nje. "Wewe ndiye umemleta? Njoo. Kaa hapa unieleze."

"Daktari, mimi ningoje tu hapo nje..."

"Kaa!" nikasema. Nilikuwa na watu arobaini.

Akaketi. Aliketi kwenye ukingo wa kiti changu cha pili, ameugeuza uso ukutani kabisa, na mama akavuta leso ya kichwani mpaka sikuona hata pua. Watu wawili wamegeuziana migongo mbele ya meza yangu, na mimi katikati nikiandika. Mutinda alieleza anachokijua, ambacho kilikuwa ni kile alichoambiwa na mkewe, aliyeambiwa na jirani: mama hali tangu Jumamosi, anasema ni mwili. Nikapima joto, hakuna. Mapigo ya moyo mia na kumi na mbili, niliyaandika. Nikamwambia mama alale kitandani nimpime tumbo, akatikisa kichwa kwa nguvu. Nikambonyeza hapo hapo alipoketi, juu ya leso, sehemu ya juu ya tumbo, kama mtu anayepima embe sokoni. Hakulalamika. Nikaandika malaria. Klorokwini, Panadol, rudi baada ya siku tatu. Jumla yake dakika nne.

Ndunge ndiye aliyekuwa msafishaji wa chumba cha dharura, mama mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, aliyenijua tangu nikiwa na nywele. Baada ya kama nusu saa aliingia na ndoo yake, akasimama mbele ya meza yangu, mgonjwa mwingine akiwa ameketi pale.

"Yule mama wa leso mbili umempa dawa gani?"

"Ya malaria. Kwa nini?"

"Ametapika nje nyuma ya tangi. Mimi ndiye nimepangusa. Ni kijani, daktari. Kijani kama majani." Akaweka ndoo chini. "Na kabla hajatapika aliangalia kwanza kama yule kijana ametangulia kwa gari. Yule ni nani wake?"

"Mkwewe."

"Mkwewe! Na alikuwa ameketi hapa?" Akakiangalia kiti cha pili, akaniangalia mimi. "Daktari, wewe ni Mkamba kweli, ama ulihamia?"

Nikaivuta rejista ya wagonjwa, nikasoma nilichoandika. Matapishi ya kijani, kutokula siku mbili, moyo unaokimbia, joto hakuna. Na mama anayekataa kulala kitandani. Mambo yote yalikuwa yameandikwa na mkono wangu, isipokuwa la kijani, na kilichokosekana kilikuwa mahali ambapo sikuangalia. Ndani ya tumbo la yule mama njia ya chakula ilikuwa imefungwa, na kama ingekaa hivyo mpaka asubuhi iliyofuata angekuwa maiti. Nami nilikuwa nimempa siku tatu.

Nilitoka mbio. Pikapu haikuwepo. Dereva wa gari la hospitali alikuwa amekwenda na gari kuchukua chanjo. Nikamwuliza askari wa lango, akasema gari la ndengu limeelekea mjini. Nikakimbia. Nilikuwa karibu na hamsini, tumbo linatangulia, koti jeupe linapepea nyuma, kifaa cha kusikilizia moyo kinanipiga kidevuni, na siku ya soko yote ya Kitui ilisimama kunitazama. Muuza nyanya mmoja aliuliza kwa sauti kama ni mimi ninayefukuza mgonjwa au ni mgonjwa anayenifukuza. Nyuma yangu nilisikia ndara zinapiga lami, pa, pa, pa. Alikuwa Ndunge, na ninasikitika kusema alinipita.

Kilichomwokoa yule mama hakikuwa mimi. Dirisha la dawa la hospitali lilikuwa limeishiwa na Panadol tangu wiki iliyotangulia, jambo ambalo nilikuwa nimeliandikia barua kali mbili. Mutinda alikuwa ameambiwa akanunue nje. Tulimkuta mlangoni mwa duka la dawa la mjini, akingoja chenji. Kama kabati letu lingekuwa limejaa, wangekuwa tayari wamefika nusu ya njia ya nyumbani.

Mama Syombua alikuwa nyuma ya pikapu, juu ya magunia matupu, amejikunja kwa upande mmoja. Kiti cha mbele kilikuwa wazi, lakini hangeweza kuketi hapo bega kwa bega na mkwewe hata kama angekuwa anakata roho, na alikuwa anakata. Nikasogea, nikafungua mdomo. Ndunge akanisukuma kando kwa kiwiko.

"Nendeni kule," akatuambia mimi na Mutinda. "Mbali. Mtuangalie na visogo."

Tukaenda tukasimama tukitazama ukuta wa duka, wanaume wazima wawili, kama wanafunzi waliochelewa. Nilisikia Ndunge akisema "Mwaitu," mama yangu, kwa sauti ambayo sikujua anayo. Kisha nikasikia mama akijibu neno moja la Kikamba. "Vaa." Hapa.

Ndunge akaniita, akanong'ona. Kwenye pachipachi, mguu ukutanapo na tumbo, upande wa kulia, kulikuwa na uvimbe mdogo, mgumu, saizi ya limau. Ulikuwa unaingia na kutoka tangu mwaka uliopita. Tangu Jumamosi ulikuwa haujarudi ndani. Kipande cha utumbo kilikuwa kimepenya pale, kikabanwa.

Mutinda aliendesha. Ndunge alikaa nyuma na mama, na mimi mbele nikihesabu kila shimo la barabara. Daktari wetu, mwanamke mrefu asiyependa maneno, aliangalia mara moja tu akaagiza chumba cha upasuaji kiandaliwe. Nilisimama humo ndani nikishika taa, kwa sababu taa ya dari ilikuwa na kichaa chake. Utumbo ulipotoka ulikuwa mweusi kama ini. Daktari aliufunika kwa vitambaa vya maji ya vuguvugu, akangoja. Mimi niliomba, waziwazi, midomo ikicheza. Baada ya muda aliinua kitambaa, na rangi ilikuwa inarudi, zambarau, kisha nyekundu, kisha ule uwaridi mzuri ambao sitausahau. "Umemleta kwa wakati," daktari akasema. Nikanyamaza. Ni uongo wa kunyamaza nilioujutia mpaka nilipomweleza ukweli jioni ile.

Siku hiyo hiyo nilikitoa kiti cha pili, nikakiweka nje ya mlango. Kiko huko mpaka leo, mnakikalia mkipiga soga.

Mutinda alikaa hospitali siku sita bila kuingia wodini hata mara moja. Alileta uji, akaniachia mlangoni. Alileta maziwa, akaniachia. Nikawa tarishi. "Mwambie watoto wanamsalimu." Nikaenda, nikasema. "Mwambie nimesikia, aende akauze ndengu zake." Nikarudi, nikasema. Siku ya nne nilimwomba msamaha pale kwenye veranda. Alikuwa mtu mpole.

"Mimi nilitaka kutoka, daktari. Lakini wewe ni daktari. Ukisema kaa, nitasema nini?"

Sasa alibaki Mama Syombua wa kumwomba msamaha. Nilijivuta mpaka siku ya sita, asubuhi ambayo alikuwa anaruhusiwa. Alikuwa ameketi kitandani, leso zimefuliwa, Ndunge anamsaidia kufunga mzigo. Nikamwambia kwa Kikamba, nikiwa nimesimama, kwamba nilikosea. Kwamba nilimweka mkwewe pale, na sikumpima kama inavyotakiwa, na angeweza kufa kwa sababu yangu.

Akanitazama usoni, kwa mara ya kwanza. Macho yake yalikuwa makali, ya mtu anayecheka kwa ndani.

"Ningekufa," akakubali. "Nilijua. Pale nyuma ya gari nilikuwa naomba nifike nyumbani kwanza."

"Na kwa nini hukurudi ndani ukaniambia, mama? Ukiwa peke yako?"

"Nirudi niseme nini? Ulikuwa umeshaandika." Akapokea mzigo wake kutoka kwa Ndunge, akaujaribu uzito. "Ningekufa, wangenizika, na kwenye kile kitabu chako kingebaki malaria. Nani angekuuliza?"

Alisema bila hasira, kama mtu anayekuelekeza njia. Akanipa mkono, akaenda kwa mwendo wake wa taratibu kuelekea lango, ambapo Mutinda alikuwa amefungua mlango wa nyuma wa pikapu, amepanga godoro jipya juu ya magunia, na kujificha upande wa pili wa gari mpaka mama apande.

Nilirudi chumba cha dharura. Foleni ilikuwa imeshaanza. Nikafungua rejista kwenye ukurasa wa Jumatatu ile, nikalikuta jina lake, na mbele yake malaria, kwa wino wa bluu na mwandiko mzuri kabisa. Nikakata neno hilo, nikaandika ukweli, nikatia sahihi. Kisha macho yangu yakapanda juu ya jina lake. Mstari uliotangulia, malaria. Uliotangulia huo, malaria. Nikageuza ukurasa, nikaanza kusoma majina moja baada ya jingine kwa kidole, nikijaribu kukumbuka ni nani alikuwa ameketi kwenye kile kiti cha pili.